Umejuaje? Mzimu wa Watu wa Kale na Usomaji wa Pamoja wa Riwaya ya Upelelezi ya Kihistoria

Ikisiri

Makala haya yanapendekeza Mzimu wa Watu wa Kale (1960), riwaya ya Muhammed Said Abdulla, isomwe kwa pamoja na kundi linalotafuta riwaya ya upelelezi yenye uzito wa kihistoria. Hoja kuu ni kwamba thamani ya riwaya hiyo kwa usomaji wa kundi haimo tu katika fumbo la nani aliyeua. Imo zaidi katika swali ambalo msomaji hulazimika kuliuliza mbele ya kila tamko, yaani msemaji amejuaje. Sarufi ya Kiswahili ina njia kadhaa za kumficha mtenda na mjuzi, na upelelezi ndio utanzu unaozifichua. Mfano wa wasomaji unaochukuliwa ni wa Ipogolo, Iringa, ambao ni majirani wa Kalenga kunakohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa. Makala yanaonyesha kwamba swali la riwaya ndilo swali la historia ya fuvu hilo, kisha yanajadili mapungufu ya riwaya yenyewe.

1.0 Utangulizi

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imezoea kuwekwa katika fungu la fasihi pendwa, na neno pendwa mara nyingi limetumika kama hukumu. Husomwa usiku mmoja, huazimwa, haijadiliwi. Katika mihadhara ya shahada ya uzamili hutajwa kama hatua ya historia ya utanzu, kisha mhadhiri huendelea na Kezilahabi au Said Ahmed Mohamed. Matokeo yake ni kwamba wanafunzi wengi wanajua kuwa Bwana Msa huvuta kiko, lakini ni wachache wanaoweza kueleza hoja moja aliyoijenga kutoka dalili hadi hitimisho.

Usomaji wa pamoja unaweza kurekebisha hali hiyo. Tuchukue kundi dogo la walimu na wanafunzi wa uzamili wanaoishi Ipogolo, chini ya mlima ulioubeba mji wa Iringa, pale barabara kuu ya kwenda Mbeya inapoachana na njia ya kupanda mjini. Kundi kama hilo likitaka riwaya ya upelelezi ya kihistoria, lina sababu za kawaida za kuichagua: fumbo huwashika hata wasomaji wavivu, na historia huwapa wanataaluma jambo la kubishania. Linalobaki ni kujua riwaya ipi itatimiza yote mawili bila kuwaacha wasomaji wakiwa wageni katika maandishi wanayoyasoma.

2.0 Upelelezi wa kihistoria ni upi?

Kwa mapana, riwaya za aina hii zina sura tatu. Ya kwanza ni ile ambayo mwandishi wa leo huliweka tukio la jinai katika zama za kale. Mfano mashuhuri ni Il nome della rosa (1980) ya Umberto Eco, ambamo mtawa hupeleleza vifo katika monasteri ya Italia mwaka 1327. Ya pili ni ile ambayo mpelelezi wa leo hulichunguza jambo la kale kwa kutumia nyaraka. Katika The Daughter of Time (1951) ya Josephine Tey, inspekta aliyelazwa hospitalini analipima upya shitaka la karne nyingi dhidi ya Mfalme Richard wa Tatu. Ya tatu haikukusudiwa kuwa ya kihistoria. Iliandikwa kuhusu wakati wake, na miaka ndiyo iliyoigeuza kuwa ushahidi wa zama zilizopita.

Katika Kiswahili, riwaya ya kihistoria na riwaya ya upelelezi zimefuata zaidi njia mbili tofauti. Adam Shafi aliyarudia mashamba ya Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) bila kuhitaji mpelelezi. Kwa upande wa pili, Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla ni ya mji wa wakati wake, na Willy Gamba wa Elvis Musiba anamtegemea msomaji apende mbio, hatari na ujasusi kuliko mnyororo wa dalili. Kundi linalotaka historia na fumbo katika kitabu kimoja linajikuta linaitazama sura ya tatu, na humo Mzimu wa Watu wa Kale hauna mshindani wa karibu.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uandishi wa habari na kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Riwaya yake ilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957/58 yaliyoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960. Ilizaliwa basi katika Zanzibar ya Sultani na himaya ya Waingereza, miaka michache kabla ya Mapinduzi ya 1964. Mwandishi hakuwa na haja ya kuubuni ulimwengu wa wenye mashamba na watumishi wao, kwa kuwa ulikuwa nje ya dirisha lake. Msomaji wa leo anauingia kama anayeingia katika hifadhi ya nyaraka. Hilo linakifanya kitabu kuwa cha kihistoria kwa maana ambayo Eco, pamoja na elimu yake yote, hakuweza kuifikia: makosa yake na upofu wake pia ni wa zama zake.

3.0 Mzimu kama pazia

Fumbo linaanzia mahali penye jina zito. Bwana Ali, mtu mwenye mali, anakutwa maiti katika mzimu wa watu wa kale. Bwana Msa, pamoja na rafiki yake Najum na Inspekta Seif wa polisi, wanalazimika kuchagua kati ya maelezo mawili: lile ambalo mahali penyewe panalipendekeza, na lile ambalo dalili zitalidai. Zaidi ya hapo makala haya hayasemi. Kundi linalosoma pamoja lina haki ya kufika mwisho bila kuambiwa.

Neno mzimu lenyewe linahitaji kusimamiwa. Laweza kuwa mahali pa kutambikia, na laweza kuwa roho ya aliyekufa inayodhaniwa kuwapo hapo. Utata huo ndio mtambo wa riwaya. Anayesema kwamba mtu amekufa mzimuni anataja mahali. Anayesema kwamba mtu ameuawa na mzimu anataja mtenda. Kati ya kauli hizo mbili kuna nafasi ambamo muuaji mwenye akili anaweza kujificha, maana jamii imekwisha kumpatia mshukiwa asiyeweza kufikishwa mahakamani. Abdulla aliirudia mbinu hiyo katika Kisima cha Giningi (1968), kwa kutumia jina ambalo Wazanzibari wanalihusisha na wachawi. Katika vitabu vyote viwili kinachoitwa cha kale kinatazamwa kwa shaka, kwa sababu kinaweza kuwa pazia la jambo la juzi.

Wahakiki wamezoea kumlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes, na mlinganisho huo una msingi: kiko, utulivu, rafiki anayeuliza kwa niaba ya msomaji. Lakini ukiishia hapo unapoteza kilicho cha Abdulla mwenyewe. Holmes husoma matope, majivu na nyayo. Bwana Msa, pamoja na hayo, husoma maneno ya watu. Mashahidi wake ni wazungumzaji wa Kiswahili cha Unguja, hodari wa kusema kwa kuzunguka, na ili kuwashika ni lazima ajue lugha inaruhusu nini kifichwe. Hapa ndipo kundi la wanaisimu na wanafasihi linapopata kazi ya kufanya pamoja.

4.0 Sarufi ya ushahidi

Mifano inayofuata haikunukuliwa riwayani. Imetungwa ili kuonyesha aina za kauli ambazo kundi linapaswa kuziwinda katika mazungumzo ya wahusika.

Kwanza ni kauli za kitenzi. Shahidi anaweza kusema: mlango ulifunguka, au mlango ulifunguliwa, au mtumishi aliufungua mlango. Tukio laweza kuwa lile lile, lakini mzigo wa shahidi umebadilika. Kauli ya kutendwa inakubali kwamba yupo aliyefungua, hata kama hatajwi. Kauli ya kutendeka haikubali hata hilo. Upepo ungetosha. Mpelelezi anayesikia ulifunguka akaandika ulifunguliwa amemwongezea shahidi ushahidi asioutoa, na anayefanya kinyume chake amempa mshukiwa mlango wa kutokea. Ndivyo ilivyo pia kwa alikufa na aliuawa. Katika kifo cha mzimuni, kuhama kutoka kitenzi cha kwanza hadi cha pili ndiyo hatua ya kwanza ya upelelezi, na wahusika hawaichukui wote kwa wakati mmoja.

Pili ni vitenzi vyenye mnyambuliko wa -ikan-: inasemekana, inajulikana, inaonekana, ilipatikana. Kiswahili hakina kiambishi maalumu cha lazima cha kuonyesha chanzo cha taarifa, kama zilivyo nazo baadhi ya lugha za dunia. Kina eti kwa maneno ya wengine yanayotiliwa shaka, na kumbe kwa jambo ambalo msemaji amelitambua sasa hivi. Lakini vitenzi vya -ikan- vinafanya kazi kinyume cha hivyo. Vinaleta taarifa na kumwondoa anayeijua. Uvumi wa kijijini na taarifa ya serikali hukutana hapo, kwa kuwa vyote viwili hupenda inajulikana. Inaonekana ina hatari zaidi, maana yaweza kumaanisha kwamba kitu kipo mbele ya macho, au kwamba msemaji anakisia tu. Swali la Bwana Msa kwa kauli kama hizo, awe ameliuliza waziwazi au kimoyomoyo, ni lile lile: imesemwa na nani, imeonwa na nani?

Tatu ni kiambishi cha nafsi na -ka- ya mfululizo. Katika alikuja, akaingia, akatoka, hakuna kinachosema kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke. Mwandishi wa Kiingereza au Kifaransa anayetaka kulificha jambo hilo hulazimika kuchezea sentensi. Mwandishi wa Kiswahili hupewa maficho hayo bure. Na -ka- humvuta msikilizaji aamini kwamba lililofuata limesababishwa na lililotangulia, ilhali lenyewe linasema tu kwamba lilifuata. Wasomaji wengi hukamatwa na mtego huo kwa kusoma haraka.

Nne ni ngeli ya mahali. Nilimwona pale mzimuni, nilimwona kule mzimuni na nilimwona mle mzimuni si kauli moja. Pale hupaonyesha mahali mahususi. Kule huliacha eneo likiwa pana au mbali. Mle humweka mtu ndani. Shahidi anayedai kwamba hajawahi kuingia mzimuni, kisha akateleza na kusema mle, amejieleza zaidi ya alivyokusudia. Si kila mle ni ungamo, kwa kuwa wasemaji wa bara huzichanganya pa, ku na mu kuliko wasemaji wa Unguja. Wasomaji wa Iringa, ambao wengi wao wana lugha ya kwanza tofauti na Kiswahili, watahitaji kubishana hapa kuhusu wanachokisikia na alichokisikia Abdulla. Mabishano hayo ni faida, na anayesoma peke yake hayapati.

5.0 Kutoka mzimuni hadi Kalenga

Kwa wasomaji wa Ipogolo, swali la umejuaje halikomei kwenye riwaya. Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mkwawa, iko kilomita chache tu kutoka mji wa Iringa, katika barabara ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na jumba lake la makumbusho linahifadhi fuvu linalotambuliwa kuwa la kiongozi huyo. Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo mwezi Agosti 1891, akapoteza Kalenga mwaka 1894, na akajiua tarehe 19 Julai 1898 alipokaribia kukamatwa. Kichwa kilikatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza. Haikufanyika hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alilichagua fuvu moja katika makumbusho ya Bremen, kati ya mengi, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa wa ukoo wa Mkwawa na kwa kuangalia tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa kwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Huo ni upelelezi kamili: kuna maiti, kuna kielelezo, kuna mpelelezi na kuna hitimisho. Watafiti wamehoji uzito wa hitimisho hilo, kwa kuwa vipimo vya umbo la fuvu vinaweza kuwafanana watu wengi na gavana alikuwa na sababu za kisiasa za kutaka kurudi na jibu. Riwaya ya Abdulla ilishindanishwa miaka michache tu baadaye. Hakuna haja ya kudai kwamba jambo moja lilizaa jingine. Inatosha kuona kwamba kipindi kile kile, Unguja na Uhehe, lilikuwapo swali moja: nani ana mamlaka ya kusema kwamba kielelezo hiki kinathibitisha jambo lile?

Sarufi inarudi hapa kwa ukali zaidi. Anayesema fuvu lilipotea, kisha likapatikana, ametunga hadithi ambayo haina mwizi. Anayesema lilichukuliwa, amekubali kwamba yupo aliyechukua. Anayesema askari wa jeshi la Kijerumani walikikata kichwa na kukipeleka kwao, ametoa ushahidi. Sentensi zote tatu zinaweza kuandikwa katika kitabu cha shule na mwanafunzi asione tofauti. Msomaji aliyekwisha kuzoezwa na Bwana Msa ataiona.

Wala jambo hili si la zamani. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu yapatayo 1,100 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo zaidi ya 200 kati yake yalihusishwa na eneo la Tanzania ya leo. Baadhi yalilinganishwa kwa vinasaba na ndugu walio hai Tanzania. Familia zinazosubiri zinahitaji wataalamu wa maabara, lakini zinahitaji pia watu wanaoweza kuisoma lebo ya makumbusho au barua ya ofisi na kuuliza nani amejificha nyuma ya kitenzi.

6.0 Mapungufu

Pendekezo hili lina pingamizi tatu, na kundi lisizikwepe.

Ya kwanza ni kwamba mantiki ya riwaya inauchukulia mzimu kama pazia tu. Kwa Bwana Msa, ukishaondoa hila hakuna kinachosalia. Wasomaji wanaoijua Kalenga, au Mlambalasi ulipozikwa mwili usio na kichwa, wana sababu ya kutoridhika. Mahali pa wahenga panaweza kutumiwa na mhalifu na bado pakawa na maana halali kwa wanaopaheshimu. Fuvu la Kalenga lingeweza hata kukosewa utambuzi, na bado kurejeshwa kwake kukawa tendo la heshima kwa watu wa Uhehe. Riwaya haina nafasi ya ukweli wa aina hiyo. Kutokuwa nayo ni alama ya zama zake, wakati ambapo kuelimika na kuidharau mizimu vilionekana kuwa jambo moja.

Ya pili ni ukimya wa kisiasa. Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza mwezi Julai 1957, na mivutano ya vyama na ya ardhi ilikuwa imeanza kuchemka. Ulimwengu wa Bwana Msa umetulia kuliko ulivyostahili. Mali ya tajiri inaulizwa nani atairithi, haiulizwi ilipatikanaje. Hapa kundi linaweza kumgeuzia mwandishi swali lake mwenyewe, na kuisoma Kasri ya Mwinyi Fuad baadaye kama jibu.

Ya tatu ni imani kwamba akili ya mtu mmoja inatosha. Inaelekea Abdulla mwenyewe aliipima imani hiyo baadaye, kwa kuwa riwaya aliyoitoa mwaka 1984 inaitwa Kosa la Bwana Msa. Usomaji wa pamoja unaipima kwa njia nyingine: watu sita waliosoma sura moja watatoa orodha sita za dalili, na hakuna orodha itakayokuwa kamili.

7.0 Hitimisho

Kundi litakaloichagua riwaya hii lifanye mambo mawili. Lisome kwa sehemu, kwa makubaliano kwamba hakuna atakayetangulia, hata kama nakala ni moja inayopita mikononi kwa zamu au kusomwa kwa sauti. Na kila msomaji agawe kauli za wahusika katika mafungu matatu: alichokiona msemaji, alichoambiwa na anachokikisia. Kauli zisizoingia katika fungu lolote, hasa za kutendeka na za -ikan-, ziandikwe kando. Mara nyingi humo ndimo fumbo linamokaa.

Mwisho wa riwaya utawapa jina la muuaji, nao watafurahi au watalalamika kwamba walilijua mapema. Kikao kinachofuata kifanyike Kalenga, orodha zikiwa mkononi, mbele ya maelezo yanayomwambia mgeni kwamba kiongozi aliuawa au alikufa, na kwamba fuvu lake lilipatikana au lilirudishwa. Wasome kila kitenzi kwa zamu, na kila kitenzi wakiulize: umejuaje?